Saa moja na dakika ishirini

Dada yangu alinipigia simu Jumapili jioni, akaanza kwa kuniuliza habari za hali ya hewa, nikajua kuna kesi. Sote tuko Dodoma, yeye Nkuhungu na mimi Ilazo. Vumbi linalomwingia jikoni ndilo linaloniingia mimi. Kesi ilikuwa ya binti yake, yuko kidato cha tatu. Tangu kidato cha kwanza hajawahi kutoka namba moja, na ni mfungaji wa timu ya netiboli ya shule. Muhula huu kawa wa nne.

"Ongea naye wewe mama yake mdogo," dada akasema. "Mwambie huo mpira utamharibia. Wewe umesoma, wewe atakusikia."

Nikaitika "sawa dada", kama mdogo mtu anavyotakiwa kuitika. Kisha nikapiga magoti, nikavuta sanduku la bati lililo chini ya kitanda, lile nililobeba kwenda bodingi, nikatoa kaunta buku yenye jalada jekundu lililoliwa kona na panya. Ndani yake kuna wiki nne za maisha yangu ya kidato cha tano, zimeandikwa kwa dakika. Nitaifikia.

Nilikuwa kipanga, mtoto wa kushika namba moja. Nalisema bila kujivuna, maana ukipanga wa utotoni hauna tofauti na urefu: unajikuta nao. Shule ya msingi, kule kwetu Kizota, mwalimu wa hesabu alikuwa akinitoa darasa la nne kunipeleka la sita nikafanye swali ubaoni, ili wakubwa waone haya. Waliona haya, na wakati wa mapumziko wakanitafuta. Kwa hiyo kukimbia nilikuwa na sababu nzuri ya kwanza.

Sababu ya pili ilikuwa maji. Asubuhi nilipanga foleni ya ndoo kwenye bomba la mtaa, foleni ikichelewa nami nachelewa, na getini kuna mwalimu wa zamu na fimbo yake. Kutoka nyumbani mpaka shule nilikuwa nakata kando ya barabara ya kwenda Singida, viatu mkononi visichakae. Hakuna aliyeniambia kwamba hayo ni mazoezi. Mwalimu wa michezo ndiye aliyeniona siku moja naingia getini kengele ikiwa inalia. Akaniuliza nimetoka wapi, nikamwambia, akatazama saa yake, kisha akanitazama tena. Mwaka huohuo nikaenda Umitashumta, michezo ya shule za msingi, ngazi ya wilaya.

Kuna neno la shuleni linalonichekesha mpaka leo: kupiga msuli. Mwanafunzi anayekesha na madaftari anaambiwa anapiga msuli, tena kwa sifa. Lakini mwenye msuli wa kweli, wa paja na wa shavu la mguu, akionekana uwanjani saa kumi jioni anaambiwa anapoteza muda.

Sasa jambo ambalo watu wasiokuwa vipanga hawalijui. Mtoto anayeshika namba moja bila kutoka jasho anakua na ugonjwa mmoja: hajui kushindwa kunafananaje. Mimi mpaka kidato cha pili sikuwa na kumbukumbu ya kufanya kitu nikiwa sikijui. Nilichokuwa sikijui nilikuwa nakikwepa tu, nasema sikipendi. Kuimba sikupendi. Kushona sikupendi.

Halafu nikakutana na msichana wa kutoka Kondoa.

Ilikuwa mashindano ya mkoa, mita 3,000, raundi saba na nusu. Yeye alikuja pekupeku, sketi ya shule imefungwa fundo pembeni. Mimi nilikuwa na raba za kuazima na hesabu kichwani: nilikwisha gawanya raundi zangu kwa sekunde, najua raundi ya tatu niwe wapi na ya tano niwe wapi. Raundi ya pili hesabu ikavurugika. Alikuwa mbele yangu kama mita hamsini, halafu mia, halafu nikaacha kumwona kwa sababu alikuwa upande wa pili wa uwanja. Raundi ya sita nikasikia pumzi nyuma yangu, nikadhani ni wa tatu ananikuta. Alikuwa yeye. Alinizunguka raundi nzima, akanipita kwa nje kwa adabu kabisa, bila hata kunigusa bega, kama mtu anayempita mzee njiani.

Nilimaliza. Nikakaa kwenye nyasi kavu nikiwa na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda, maana hakukuwa na wa kumlaumu. Hakuiba mtihani. Hakupendelewa. Alikuwa ananizidi tu, waziwazi, mbele ya mkoa mzima. Jioni ile alikuja kuniomba maji, tukagawana chupa moja, nikamwuliza anafanyaje mazoezi. Akacheka. Akasema anachunga mbuzi wa babu yake, na mbuzi wa babu yake wana wazimu.

Nilirudi nikakimbia mwaka mzima kwa ajili ya yule msichana. Sikumshinda kamwe, ila mwaka uliofuata hakunizunguka.

Naeleza haya kirefu kwa sababu kidato cha tano, tahasusi ya PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, hesabu ilinifanya vilevile. Kwa mara ya kwanza niliketi mbele ya swali la hesabu, la intigresheni, na sikuona pa kuanzia. Darasa lilikuwa limejaa vipanga, kila mmoja alikuwa namba moja kwao, na nusu yao walikuwa wanalia bwenini usiku kwa alama walizokuwa hawajawahi kuzipata maishani. Mimi nilipata 19 kwa mia. Nililia pia, nisijifanye jasiri. Lakini hali ile niliitambua. Nilishawahi kuzungukwa.

Shule ilikuwa ya serikali, ya bweni, nje ya mji. Jina naliacha. Ilikuwa na sifa ya ufaulu, na sifa hiyo ndiyo iliyokuwa inatuamsha saa kumi na nusu usiku. Usafi, mstarini, darasani saa moja na nusu. Vipindi mpaka saa nane na nusu mchana, chakula, halafu saa kumi ndiyo ya michezo kwa anayetaka, kufua kwa anayetaka, na kujisomea kwa anayetaka kuonekana. Usiku prepo kuanzia saa moja mpaka saa nne, taa zinazimwa saa nne na nusu.

Hesabu hiyo haihitaji PCM. Kutoka saa nne na nusu mpaka saa kumi na nusu ni saa sita, na hapo uwe umelala taa ilipozimwa, jambo ambalo bweni la wasichana arobaini halijawahi kulifanya. Wataalamu wa usingizi wanashauri kijana wa umri ule alale saa nane mpaka kumi. Kila mmoja wetu alikuwa na deni la saa mbili kila siku, na deni hilo tulikuwa tunalilipa kwenye kipindi cha fizikia, vichwa vikianguka mbele kama kuku wanaodonoa.

Na chakula. Makande mchana, ugali maharage jioni, kesho yake vilevile. Mtu wa kukaa atashiba. Mtu anayekimbia kilomita arobaini kwa wiki juu ya hayo anakula mwili wake mwenyewe. Nilikonda. Kisha siku zangu zikakata, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Matroni aliweka kumbukumbu za nani kaomba pedi na nani hajaomba. Nikaitwa, nikapewa kikopo, nikaenda chooni na mwalimu wa kike amesimama mlangoni. Majibu yalitoka kwamba sina mimba. Hakuna aliyeniomba radhi. Niliambiwa tu nipunguze hayo mambo ya kukimbia, yanaharibu wasichana.

Nilikuja kujua baadaye, nikiwa chuo, kwamba msichana anayetumia nguvu nyingi kuliko anazokula mwili wake unaweza kusimamisha hedhi, ukiokoa kilicho muhimu zaidi. Dawa yake ya kwanza ni kula. Yai moja kwa siku na kikombe cha karanga vingenisaidia kuliko kikao chochote cha wazazi. Lakini ona jinsi shauri lilivyokwenda: chakula hakikushtakiwa, usingizi haukushtakiwa, zikashtakiwa mbio.

Hapo ndipo nilipoanzisha kaunta buku. Sikuwa na nia ya kumshtaki mtu. Mwalimu wa taaluma aliniita ofisini akaniambia mbio zinanila muda, na mimi, kwa ugonjwa wangu wa hesabu, nikataka kujua zinanila kiasi gani. Kwa wiki mbili niliandika kila nilichofanya, nikiangalia saa ya mkononi ya shilingi elfu tano ya sokoni Majengo. Wastani wa siku ulikuwa hivi: usingizi, saa 5 na dakika 50. Foleni za maji, chakula na bafu, saa 1 na dakika 50. Kusimama mstarini tukisikiliza matangazo na kusemwa, dakika 45. Kusubiri mwalimu ambaye hakuja, dakika 55. Kukaa na kitabu wazi na macho wazi bila kitu kuingia, saa 1 na dakika 10. Hili niliandika kwa kalamu nyekundu, nikalipa jina "msuli hewa". Kusoma kwa kweli nje ya vipindi, saa 2 na dakika 50.

Mazoezi, pamoja na kuoga: saa 1 na dakika 20, siku nne kwa wiki.

Nililitazama daftari lile muda mrefu. Katika orodha yote, kitu kimoja tu nilikuwa nimekichagua mwenyewe, na ndicho hichohicho ambacho kila mtu mzima aliyetaka kunipunguzia mzigo alianza nacho. Hakuna aliyewahi kupendekeza tupunguze mstari.

Mwaka huo nikachaguliwa timu ya mkoa, mita 1,500, kwenda Umisseta taifa, michezo ya shule za sekondari. Fainali zilikuwa Mwanza. Mwezi wa sita, na mtihani wa kumaliza mwaka ukaangukia wiki zilezile. Niliomba kufanya mtihani nikirudi. Mwalimu wa taaluma hakunifokea. Alisema kwa upole, na upole ule ndio unaoniuma zaidi: "Binti, shule haikukuchukua kwa miguu." Wakampigia baba. Baba akasema mwalimu ndiye mzazi wa huko. Basi.

Nikabaki. Basi la timu lilipoondoka nilikuwa darasani, na kwa kiburi cha mtu asiyekuwa na kingine cha kufanya nikafungua ukurasa mpya wa kaunta buku. Wiki mbili nyingine, safari hii bila mbio. Saa kumi mpaka saa kumi na moja na dakika ishirini, kila siku, nimeandika kwa herufi kubwa: VITABU. Lakini nilikuwa nimejiapiza kuandika ukweli, kwa hiyo chini yake kuna herufi ndogo. Siku ya pili: nimefua. Ya tatu: umbea, chumba cha wenzangu. Ya nne: nimelala juu ya kitabu cha fizikia, mate yamechafua ukurasa wa mawimbi. Ya saba: nimekaa dirishani nawaza Mwanza. Wastani wa kusoma kwa kweli katika wiki zile mbili: saa 2 na dakika 45.

Dakika tano pungufu.

Kwenye mtihani nikawa wa sita, kutoka wa pili. Sitasema nilishuka kwa sababu sikukimbia. Hiyo nayo itakuwa kesi ya kusingizia, na mwalimu wetu wa hesabu alikuwa amehamishwa katikati ya muhula. Ninachosema ni kimoja. Ile saa moja na dakika ishirini niliyonyang'anywa uwanjani haikufika vitabuni. Iliyeyuka njiani.

Naomba nisimwonee dada, kwa sababu hofu yake ina mzizi. Uwanja unaweza kuwa pango la kujifichia. Wiki niliyopata ile 19 nilikimbia maradufu, asubuhi na jioni, maana kule hakuna aliyekuwa na karatasi yangu ya majibu. Nilikuwa na mwenzangu wa kupokezana vijiti ambaye kila kipindi cha vitendo cha kemia alikuwa na "mazoezi ya timu", na timu yenyewe ilikuwa yeye. Hakufaulu, na si mbio zilizomwangusha, ila zilimfichia anguko mpaka likawa kubwa. Kwa hiyo mzazi ana haki ya kuuliza. Ila aulize mtoto anakwenda uwanjani akitoka wapi, asiulize tu anakwenda mara ngapi.

Na pia sisi wa ukanda huu wa kati tumepata kichaa kipya tangu Septemba 2025. Usiku wa kuamkia tarehe 15 nilikuwa macho, simu mkononi, natazama marathoni ya mashindano ya dunia, namwona Alphonce Simbu, mtu wa Singida, anaingia uwanja wa Tokyo bega kwa bega na Amanal Petros wa Ujerumani. Kilomita 42 na ushei zilikwisha nyuma yao, na waliachana kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Wote waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Dhahabu ya kwanza ya dunia kwa Tanzania katika riadha. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Wiki ile kila mzazi wa barabara ya Singida alikuwa anapima miguu ya mwanawe kwa macho.

Sasa hapo nami naogopa. Simbu ni mmoja, na ni askari wa JWTZ, mwenye kazi na kambi ya mazoezi. Kumwambia mtoto aache shule akimbie kwa kuwa Simbu kashinda ni kosa lilelile la mwalimu wangu wa taaluma, limegeuzwa tu juu chini. Tanzania mpaka leo ina medali mbili tu za Olimpiki, zote fedha, zote za Moscow 1980: Filbert Bayi kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui kwenye mita 5,000. Nyambui miaka ile alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, El Paso, Texas. Miguu yake ndiyo iliyompeleka darasani. Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, alikuja kufungua shule. Wale wawili hakuna aliyewaambia wachague, au kama aliwaambia hawakumsikia.

Kwetu neno lenyewe tumelikata miguu. Tuna shule za vipaji maalumu, zinazojulikana nchi nzima, Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Tabora, na hapa Dodoma tuna Msalato. Ni shule nzuri na zimetoa watu. Lakini kipaji kinachokuingiza huko ni alama za mtihani, hakuna kingine. Mtoto akisikia "una kipaji" anajua ni kichwa kinachozungumziwa, na kwamba kuanzia shingoni kwenda chini ni mzigo wa kusindikiza.

Mimi sikuwa mwanariadha wa taifa. Nilipata Divisheni Wani, nikasoma takwimu UDOM, ambako ukitoka ndaki moja kwenda nyingine kwa miguu juu ya vilima vile na upepo ule, tayari ni mazoezi. Nakimbia bado, asubuhi, polepole, mbwa wa Ilazo wananijua.

Jumamosi binti akaja. "Shikamoo mamdogo." Marahaba mwanangu. Alikaa kwenye ncha ya kochi, mikono mapajani, kama mtu aliyeletwa polisi. Sikumwambia aache wala aendelee. Nilimpa kaunta buku mpya na nikamwonyesha ya kwangu. Aliisoma yote, alipofika kwenye "msuli hewa" akacheka mpaka akasahau kuogopa. Nikamwambia aandike wiki mbili, aandike ukweli, hata umbea auandike.

Alirudi baada ya wiki mbili na kurasa zimejaa. Kuandika anajua kuliko mimi, kapiga na mistari kwa rula. Netiboli: saa 3 na dakika 45 kwa wiki. Kusubiri daladala: saa 5. Kumsomesha mdogo wake: saa 4. Maji: saa 9 na nusu. Nikamwuliza saa tisa na nusu za maji zinatoka wapi, na mtaa wao una bomba uani. Akasema bomba lipo, mgao unafika Jumanne na Ijumaa, saa nane usiku, na yeye ndiye anayeamka kujaza ndoo na madumu mpaka saa kumi na moja, kwa sababu mama ana presha na baba yuko safarini. Siku nyingine anachota kwa jirani. Jumatano na Jumamosi kwenye daftari, mbele ya vipindi vyote, ameandika neno moja: nasinzia. Mitihani mitatu kati ya ile iliyomshusha ilikuwa Jumatano.

Nilimpelekea dada daftari mwenyewe. Alisoma amesimama, jikoni, moto unawaka. Alipomaliza hakuniangalia.

"Kwa hiyo unasema ni mimi ninayempotezea muda?"

"Sijasema hivyo dada."

"Daftari linasema."

Nikanyamaza. Akageuza ugali, akafunika, akapangusa mikono kwenye kanga. Akarudi ukurasa wa Jumanne, akausoma tena. Kisha akaniuliza simtanki la lita elfu moja siku hizi linauzwaje, na kama ukifunga boya ndani maji yatajikata yenyewe likijaa, mtu akiwa amelala.

Tumechanga. Tangi lipo dukani, limelipiwa nusu. Fundi amekuja kupima kona ya ua, anasema kitako cha matofali kitataka mifuko miwili ya saruji na mchanga wa toroli sita.